Mzungu Atafukiwa, Mzungu Utafukiwa

Haya, wanangu, sogeeni. Nyinyi mliobaki kubeba maneno kwenye nyumba za watu, na nyinyi mnaotaka kujifunza, nawaandikia. Kaniki yangu ya pazia nimeikunja juzi, nimeitia sandukuni na karafuu, na sasa kinywa changu ni changu mwenyewe. Miaka yote kilikuwa cha watu. Nikisema sana nisameheni. Nina maneno yangu mengi humu ndani hayajawahi kupata zamu.

Chuoni nilisoma mpaka juzuu ya Amma, nikatolewa, nikaozwa. Kwa hiyo haya nimeyaandika kwa herufi zile zile za chuoni, na pale niliposahau nukta mtaitia wenyewe. Ujira siusemi. Nani alinipa kisutu gani sikukuu ipi, nalo silisemi. Nasema kazi.

Mji wetu huu wa Bagamoyo kila mtu anamjua mpagazi. Wanaume walibeba pembe kutoka bara, kichwani na begani, wakaja na vidonda vya shingo. Mimi nilibeba maneno kutoka nyuma ya pazia mpaka mbele ya pazia. Mji ukaniita Mpagazi, na mume wangu marehemu akawa anatembea akiitwa mume wa Mpagazi, akicheka, Mungu amrehemu, maana yeye mzigo wake mzito kuliko yote ulikuwa kilemba.

Mwanamke aliyetawa hasemi mbele ya wanaume wasio wake. Akiwa na shauri kwa liwali, anatundikiwa pazia barazani, anakaa nyuma yake. Anachotaka kusema ananiambia mimi, mimi natoka naenda kusema. Wakimjibu, narudi ndani namwambia. Na hata kama amesikia kwa masikio yake mwenyewe, pazia si ukuta wa mawe, kwa sheria hajasikia mpaka mimi nimwambie. Basi ndani nje, ndani nje, kama kuku mwenye vifaranga viwili vikaidi.

Aliyenifundisha ni Bi. Tatu, mwanamke mrefu, jicho moja lilikuwa na chamba cheupe. Siku ya kwanza aliniweka pembeni akasema, "Leo tazama tu. Ukifungua kinywa nitakifunga kwa kiatu." Shauri lilikuwa la mke wa tajiri mmoja wa mjini, anadai nguo zake na haki zake. Tajiri mwenyewe amekaa barazani, kanzu imepigwa pasi ya mti, bakora ya kichwa cha fedha. Bi. Tatu akaingia nyuma ya pazia, akatoka, akasimama mbele ya yule tajiri, akasema polepole kama anayesoma dua, "Wewe fisi, unakula hata mifupa ya mwanao."

Tajiri akainuka na bakora. Liwali akasema, "Shusha. Huyo ni mlango. Mlango haupigwi kwa upepo uliopita."

Tukirudi nyumbani Bi. Tatu akaniambia neno ambalo ndilo kazi yote, mengine ni kutembea tu. "Neno lina ngozi yake, mwanangu. Ukilichuna, nyama ni ile ile, lakini mwenye ng'ombe hamjui tena ng'ombe wake. Mtu akisema vibaya, beba vibaya. Akigugumia, gugumia. Wewe huna neno lako pale." Na mimi nikabeba hivyo. Kikohozi cha kila nyumba kubwa ya Bagamoyo nimekikohoa.

Vyombo vyetu ni vichache. Kaniki mbili zilizoshonwa pamoja, maana kaniki moja inaonyesha kivuli. Kata ya maji. Tambuu usile kazini, neno linateleza. Na ukili, ule wa kusukia mkeka: Bi. Tatu alinizoesha kusuka huku nasikiliza, kila neno jipya napindua ukindu. Nikisahau, vidole vinarudi nyuma vinanikumbusha. Mikeka ya nyumbani kwangu yote ni mashauri ya watu. Wageni wanalalia talaka hawajui.

Mashauri magumu nimeyaona. Mke wa Mhindi mwenye duka karibu na soko, mwanamke mzuri, alikuwa na maneno matatu tu ya lugha yetu: basi, kabisa, na baba. Nikasimama mbele ya kadhi nikasema, "Basi kabisa, baba." Kadhi akangoja. Nikamwambia ndiyo yote, bwana. Akafikiri sana, akampa haki yake, na mpaka leo naona hukumu ile ilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizozibebea maneno ya saa nzima.

Lakini hayo ni ya baraza la nje, watu wanapita, muuza kahawa anagonga vikombe. Nataka kuwaambia la baraza la ndani.

Baraza la ndani ni pale liwali, kadhi na majumbe wa mji wanapokaa chumba cha ndani, madirisha yamefungwa, kahawa hainywewi, na kinachoulizwa ni mambo ya dola: nani kapeleka zawadi kwa nani, nani kasema nini juu ya Sayyid wa Unguja, nani anataka kuwasha moto. Kabla ya kuingia nilishika msahafu nikaapa kwamba sitaficha nililosikia ndani ya chumba kile wala sitalitoa nje. Leo nalitoa hili moja, maana liwali aliyeniapisha amekufa, na aliyeshtakiwa ameniruhusu mwenyewe, kasema, "Liseme, lakini lile jingine usiliseme." Mtaona lile jingine ni lipi. Yaani hamtaliona.

Ulikuwa ule mwaka Wazungu wageni walipoanza kuingia mjini, wanataka nyumba, wanataka kusimamisha bendera yao. Mji ulikuwa kama chungu kilichofunikwa. Habari za Pangani zilikuja mbaya. Wahindi walifungua mlango nusu, wakauza kwa nusu ile. Watu walisalimiana "sabalkheri" na hawasimami. Sayyid alikuwa amekwisha toa amri: Mzungu akiguswa, aliyemgusa atapelekwa Unguja kwa minyororo. Na meli yake, ile ya moshi, imetia nanga mbele yetu, tunaiona kutoka sokoni.

Asubuhi moja askari akaja kwangu. "Mpagazi, unaitwa ndani."

Nikaenda na ukili wangu. Nilipoingia nikaona jambo ambalo sijaliona kabla: mapazia mawili. Moja kushoto, moja kulia. Katikati wamekaa liwali wetu, kadhi, na Jumbe Kombo, mzee wa mji huu, babu yake na babu wa babu yake wamezikwa Kaole. Na mgeni mmoja, bwana kutoka Unguja, ndevu zimechanwa, jambia kiunoni, ametumwa na Sayyid kuchunguza. Hakuwa mtu mbaya wa uso. Hilo ndilo lilinitia hofu zaidi.

Jemadari wa askari alikuwa amesimama. Akasema mashtaka. Askari wake mmoja alipita shamba fulani la Zinga jana alasiri, akasikia ngoma ndogo na wanawake wengi nyuma ya ua wa makuti. Akasikia mkubwa wao akiwaapisha, "Mzungu mkubwa atafukiwa keshokutwa kabla ya jua kutoka. Atakayemwambia mume wake, ulimi wake ukauke." Na akaona shimo, linachimbwa chini ya mkorosho, na jembe kando yake. "Huyo mkubwa wao," jemadari akasema, "tumemleta. Yuko nyuma ya pazia la kushoto."

Bwana wa Unguja akaniambia kwa upole, "Mpagazi, muulize: shimo ni la nani?"

Nikafunua pazia la kushoto nikaingia. Jamani! Aliyekaa pale, miguu kainyoosha, shungi lake safi, ni Bi. Mwanaidi. Somo wangu. Ndiye aliyenicheza mwari, aliyenifunda ndani nikiwa kitoto cha matiti ya ndimu, aliyenishika mkono usiku wa harusi yangu. Mama alinizaa mara moja, somo alinizaa mara ya pili.

Na pale pale nilijua. Si kwa kuambiwa. Nilijua shimo ni nini, nilijua mzungu ni nini, maana na mimi nilipitishwa. Wanawake mnaosoma, mnajua. Mizungu ni yale mafunzo ya unyagoni, na kila funzo moja ni mzungu, na mzungu mkubwa ndio wa mwisho. Wanaume wanajua kwamba upo, kama wanavyojua kwamba bahari ina chini. Ulivyo hawajui. Na kiapo ni kile kile alichokisikia yule askari: ukiutoa kwa mwanamume, ulimi ukauke.

"Sabalkheri, Somo," nikasema. Sauti ikatoka kama ya panya.

"Aheri, mwanangu. Umekonda. Wanataka nini hao?"

"Wanauliza shimo la nani."

"Waambie ni la mwenye shamba."

Nikatoka nikasema. Jemadari akapiga mguu chini. Bwana wa Unguja hakusogea. Akasema, "Mwambie hivi. Akinieleza ni Mzungu yupi, na nani waliomtuma, atarudi kwake. Asiponieleza, meli inaondoka maji yakijaa, na yeye atakuwamo. Na huko anakokwenda, wanaoulizwa mambo ya namna hii hawarudi kusimulia."

Nikaingia nikalibeba lote, na ngozi yake. Somo akasikiliza. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, nikaona kidole kimoja kinacheza, kimoja tu.

Nikamnong'oneza, na hilo halikuwa neno la kubeba, "Somo, meli iko pale nje."

"Wewe mpagazi au mwombolezaji? Waambie aliyesikia maneno hayo aje ayaseme mwenyewe. Siwezi kujibu neno la mtu lililopita kinywa cha mtu."

Nikatoka nikasema. Jemadari akaruka, "Haiwezekani! Mwenye kuleta habari hafichuliwi. Mimi nimekwisha sema kwa niaba yake!"

Jumbe Kombo alikuwa amefumba macho muda wote, watu wakadhani kalala. Akasema bila kuyafumbua, "Pazia la kulia mmelitundika la nini? Kukausha? Mpagazi aende."

Bwana wa Unguja akatikisa kichwa, ndiyo.

Nyuma ya pazia la kulia nikamkuta kijana wa Kibulushi, ndevu zake bado hazijaamua, jasho linamtiririka. Watu wa kwao wanakuja kwa Sayyid kushika bunduki, lugha yetu wanaiokota sokoni na jikoni. Msimcheke. Kiarabu changu mimi mkikisikia mtalia.

"Mama," akasema, "mimi nasema kweli. Wallahi, kweli."

"Sema ulichosikia, baba. Kama ulivyosikia."

Akasema. Nikapindua ukindu kila neno. Nikatoka, nikasimama katikati, nikayatoa na ngozi yake, hata wallahi yake:

"Mama mkubwa anasema, Mzungu mkubwa anafukiwa keshokutwa, kabla jua anatoka. Mwanamke anasema kwa mume, ulimi anakauka. Wallahi."

Kadhi akainua kichwa. Bwana wa Unguja akamtazama jemadari, jemadari akaitazama dari.

Nikaingia kushoto nikamwambia Somo vile vile. Kisha nikasikia kitu kinapanda kutoka kifuani kwake kama maji ya moto. Alikuwa anacheka. Akajiziba kwa shungi.

"Kamuulize huyo baba," akasema, "njiani aliona nini kingine? Shimo lilikuwaje? Jembe je? Ngoma je? Aseme vyote."

Nikaenda kulia, nikarudi katikati, nikasema: "Shimo anachimbwa karibu mkorosho. Jembe analala pale pale. Ngoma anapigwa. Mimi nataka dafu, dafu anakuwa juu sana, mnazi anakataa."

Hapo kadhi akaficha uso kwenye mkono wa kanzu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Liwali akauma mdomo. Mnaona wenyewe. Katika kinywa cha yule kijana hakuna mtu na hakuna kitu. Jua anatoka, jembe analala, mnazi anakataa. Wote wamekuwa watu. Somo alisema mzungu utafukiwa, u, kama mti, kama mkeka, kama mzigo. Kijana akasikia, akaokota kwa mkono wake, ukawa anafukiwa, a. Herufi moja tu, wanangu, ndiyo imesimama kati ya funzo la mwari na maiti ya Mzungu.

Bwana wa Unguja akamuuliza jemadari, "Wewe ulisema, ulimi wake ukauke. Yeye anasema, ulimi anakauka."

"Nilisawazisha kidogo, bwana. Lugha yake haijanyooka."

"Ukanyoosha ulimi, ukamwacha Mzungu."

Jemadari akarudi ukutani.

Nikadhani yamekwisha. Nilianza hata kuukunja ukili. Lakini nimekwisha waambia, yule bwana hakuwa mtu mbaya wa uso, wala hakuwa mjinga. Akasema taratibu, "Vyema. Si mtu. Ni kitu. Basi kitu gani hicho kinachofukiwa shimoni kabla ya jua, na mume asijue? Baruti nayo ni kitu. Baruti nayo inafukiwa. Na siku hizi wanaume wa pwani hii wanaficha baruti zao mahali ambapo askari wanaona haya kuchungulia."

Hapo kicheko kikafa. Kwa sababu, wanangu, ilikuwa kweli. Si kwa Somo, lakini ilikuwa kweli, na kila mmoja mle ndani aliijua nyumba moja au mbili. Jumbe Kombo akafumbua macho.

"Bwana," akasema, "hayo ni mambo ya kike. Kila mwanamume wa pwani hii ya Mrima anajua kwamba—"

"Anajua nini? Niambie wewe."

"Anajua kwamba hajui."

"Basi hunisaidii, mzee wangu."

Kisha akanigeukia mimi. Mimi! Katika miaka yote hakuna mtu aliyewahi kunitazama barazani. Mlango hautazamwi, unapitwa. "Wewe Mpagazi. U mwanamke wa hapa. Unajua kilichomo shimoni?"

Jamani, nilisimama pale na viapo viwili. Kimoja cha msahafu, sitaficha nililosikia. Kimoja cha unyagoni, sitalitoa nililofundishwa. Na nyuma ya kaniki ile amekaa aliyenifundisha, na nje meli imekwisha anza kutoa moshi, tunaisikia harufu yake. Nikisema hapana nimeongopa mbele ya liwali. Nikisema ndiyo, swali linalofuata mnalijua.

Nikamkumbuka Bi. Tatu, kiatu mkononi. Nikasema, "Bwana, mimi hapa sina neno langu. Nina ya watu tu. Ulizia mtu, nitakuletea."

"Nimekuuliza unajua au hujui."

"Bwana, mpagazi akifungua mzigo njiani si mpagazi tena, ni mwizi."

Jemadari akapiga hatua moja kuja kwangu. Liwali akasema, "Huyo ni mlango," kwa sauti ndogo sana, na kwa mara ya kwanza nikaona naye anamwogopa yule mgeni. Nikausuka ukili. Sikuwa na neno la kusuka, nilisuka hewa.

Bwana wa Unguja akashusha pumzi. "Basi kamuulize yeye. Mara ya mwisho. Kilichomo shimoni ni nini?"

Nikaingia. Somo akanishika mkono.

"Wameuliza tena, mwanangu?"

"Somo, mwambie lolote. Mwambie ni dawa ya uzazi. Mwambie ni kondo la mtoto."

"Niongope? Kisha kesho mwari aulize kwa nini mzungu wake una uongo juu yake?" Akafikiri. Kisha macho yake yakafanya vile yalivyokuwa yakifanya tukiwa wari, akitaka kutuchekesha tusilie. "Nenda. Beba hili lote, usidondoshe hata punje."

Akaniambia. Nikamsihi kwa macho. Akanisukuma.

Nikatoka. Nikasimama mbele ya bwana wa Unguja, mbele ya jambia lake, nikasema kama Bi. Tatu, taratibu kama dua:

"Nitakwambia yote. Lakini anayeambiwa ni mwari. Njoo huku ndani, uvue kilemba, nikufunge kisutu. Nikufiche ndani mpaka mwezi ufe, usionekane na watu, usile chumvi. Kisha nikutoe uchezwe mbele ya wanawake wa Zinga na wote watakaokuja kutoka Miono. Nikimaliza, utajua. Na ukijua, ukimwambia mume wako, ulimi wako ukauke."

Nzi alipita. Tulimsikia wote.

Jambia halikutoka. Yule bwana akainua mkono, akajishika shavu la kushoto, akalisugua polepole.

"Dada yangu," akasema, kama hasemi nasi, "alipotoka ndani, nilikuwa mdogo, nikamuuliza kafundishwa nini. Akanipiga kofi." Akalisugua tena. "Shavu hili. Na tulikuwa tunapendana sana."

Hakuna aliyecheka. Hata Jumbe Kombo.

"Lakini Sayyid hatakubali shavu langu kuwa ushahidi," akasema. "Nataka mtu alione shimo lile. Na sitaki kumpeleka askari huko. Liwali, una mwanamke ambaye neno lake nitalichukua?"

Liwali akasema, "Nina mama yangu."

Mama yake liwali alikuwa kizee hasa, hakutoka nje tangu maziko ya mumewe. Wakampandisha punda, amejifunika barakoa na mashuka juu yake, punda hakujua kabeba nani. Wakampeleka Zinga. Askari walikwenda naye, lakini wakaamriwa kusimama mbali na ua, migongo wamegeuza.

Tukangoja. Wanaume walikwenda kuswali adhuhuri, wakarudi. Mimi nilikaa na Somo. Kwa ufa wa dirisha tuliona watu wa meli wanapanda mashua kuja kuchukua chochote cha kuchukuliwa. Tuliona pingu, zimeletwa, zimewekwa mlangoni. Somo akazitazama kwa chini ya pazia akasema, "Zinahitaji mafuta." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitaka: nani ampokee mwari wake kesho kama yeye hayupo, na mwari mwenyewe anaogopa giza, asiachwe peke yake. Akaniambia kwa mpango, jambo baada ya jambo. Kidole chake kile kilikuwa kimetulia. Cha kwangu ndicho kilichokuwa kikicheza.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa bara tuliposikia punda. Kizee akaingizwa nyuma ya pazia letu. Magoti ya nguo yake yalikuwa yamejaa udongo, na mikono yake pia, mpaka viwikoni. Akakaa. Akamtazama Somo, Somo akamtazama. Kisha kizee akaniambia nini cha kubeba, nami nikambusu mkono, udongo na yote.

Nikatoka. Wote wamesimama, hata Jumbe Kombo. Bwana wa Unguja akasema, "Haya."

"Hakuna baruti," nikasema. "Wala bunduki, wala risasi, wala chuma chochote isipokuwa jembe."

"Amesema hayo tu?"

"Hapana, bwana. Anasema pia, shimo lilikuwa fupi. Wasichana wa siku hizi hawajui kuchimba. Amewaonyesha."

Liwali akasema, "Mama yangu amechimba?"

Nikaingia, nikamuuliza, nikatoka. "Anasema, ukimuuliza tena atakulaani."

Hapo ndipo yule bwana wa Unguja alipocheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Pingu zikaondolewa, mashua ikarudi mikono mitupu, na meli ikaenda na moshi wake. Somo wangu akatoka kwa mlango wa uani, akanishika bega akasema, "Umebeba vizuri." Wanangu, sijapata kusifiwa vile tena, wala sikutaka. Na alfajiri, Zinga, kilichokuwa cha kufukiwa kilifukiwa.

Baadaye vita vilikuja kweli, mnajua wenyewe, na hao waliokuwa na baruti hawakuzificha unyagoni. Nyumba ziliungua. Bwana mpya alipokaa barazani, Mzungu wa kweli huyu, wa a, hakutaka pazia. Alisema anataka kuona uso wa anayesema. Basi mwanamke anasimama mbele yake, uso wazi, na uso ndio unaoonekana tu, maana kinywa chake hakifiki kwa bwana. Na kuna mkalimani aliyevaa koti, anasawazisha. Nilikwenda siku moja kusikiliza. Mjane mmoja alisema kwa kulia maneno mengi, mkalimani akasema kitu kifupi kilichonyooka kama sindano. Nikarudi nyumbani nikaikunja kaniki yangu. Lakini nyumba bado zipo, wanandoa wanagombana, warithi wanagombana, na nyinyi mtaitwa. Msisawazishe. Hilo tu.

Na yule kijana wa Kibulushi, msimsahau. Aliposa mjane wa Zinga, mwanamke mwenye binti mkubwa, na juzi binti akaingizwa ndani kufundwa. Asubuhi ya mwisho wake kijana akaja kwangu hodi hodi, kavaa kofia mpya, anajikuna shingo.

"Mama Mpagazi, mimi nauliza tu. Mzungu anafukiwa lini?"

"Baba wewe," nikamwambia, "hujajifunza? Si anafukiwa. Utafukiwa."

Akaruka nyuma mpaka kofia ikaanguka. "Mimi? Wallahi, mama, safari hii mimi nakosa nini?"

Nikataka kumweleza. Kisha nikaona, aa, mzigo si wangu. Nikafunga mlango taratibu, nikaenda kuchekea ndani.